Fizi Zangu kati ya Nyahururu na Malindi

Nilipokuwa nikifundisha Nyahururu, mji ulio kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, fizi zangu zilianza kutoa damu kila nilipopiga mswaki. Shangazi yangu wa Malindi alinihakikishia kwa simu: "Mwanangu, hiyo ni baridi ya bara, ukishuka pwani utapona." Nilishuka likizoni, lakini damu haikukoma, nikaenda kwa daktari wa meno.

Kwa kijiti chembamba cha chuma alipima kina cha uwazi ulio kati ya jino na ufizi. Kwenye ufizi wenye afya kina hicho kwa kawaida hakizidi milimita 3, na kwenye magego yangu alikuta 5. Humo, alinieleza, hustawi bakteria kama Porphyromonas gingivalis, ambao hawaimudu oksijeni na hivyo hujificha pasipofikiwa na hewa.

Nilimwuliza kuhusu mwinuko, kwa maana kila pumzi ya Nyahururu huwa na takriban robo tatu tu ya oksijeni iliyomo katika pumzi ya Malindi. Alilichukulia swali langu kwa uzito, jambo ninalomshukuru hadi leo. Suala hilo limechunguzwa kwa watu wa nyanda za juu za Tibet, ambako mji wa Lhasa uko karibu mita 3,650, na pia kwa panya waliowekwa katika hewa haba, na inaelekea kwamba upungufu wa oksijeni unaweza kuzidisha uvimbe na kuudhoofisha mfupa unaoshika meno. Hata hivyo, uwazi wenye kina una oksijeni kidogo popote mtu aishipo, hata ufukweni, na ugaga, yaani uchafu mgumu wa meno, ulioganda chini ya ufizi hauondoki kwa kubadilisha makazi.

Basi aliukwangua ugaga huo, akiwa amenipiga ganzi, kisha akaniagiza nipime sukari, kwa kuwa ugonjwa wa kisukari huziharibu fizi upesi. Sukari yangu ilikuwa sawa. Nyumbani niliulaza mswaki ukielekea mpaka wa ufizi, na katikati ya meno nikapitisha vibrashi vidogo, ambavyo naviona muhimu kuliko dawa yoyote ya kusukutua. Mswaki wa mti alionipa shangazi nautumia pia, ila haupenyi kati ya magego.

Nilipopimwa tena kabla ya kurudi Nyahururu, kina kwenye magego yote kilikuwa kimeshuka hadi milimita 3, isipokuwa moja la chini lenye 4, ambalo daktari ameagiza liangaliwe kila likizo.