Detroit 3-71 ya Mariakani: kumbukumbu ya kuifufua

Wiki ya kwanza

Imefika. Tumeishusha kwa winchi ya mnyororo, watu sita, tukaikalisha juu ya magogo nyuma ya karakana ya ami yangu. Ni Detroit Diesel 3-71, silinda tatu, dizeli ya mipigo miwili. Iliendesha jenereta kwenye machimbo ya mawe, kisha ikaachwa nje miaka mingi. Nimeinunua kwa kilo, bei ya chuma chakavu. Ami anataka umeme wa msumeno wa mbao na wa kuchomelea. Mimi naitaka injini yenyewe. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na tishari pale kivukoni lenye injini ya aina hii, na mlio wake sijausahau hadi leo.

Kila aliyepita kuitazama kasema maneno yale yale: hizo zina kelele na zinakula oili. Kelele ni kweli. Kila pistoni inapiga moto kila mzunguko mmoja wa krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), si kila mizunguko miwili kama injini za malori ya sasa. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika hizi silinda tatu zinapiga mara 4,500, na sikio linadhani injini inakimbia maradufu ya mwendo wake. Habari ya oili nitaifikia.

Wiki ya pili

Nimeisugua kwa dizeli na brashi mpaka kibati cha namba kikasomeka. Ile 71 ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, kama lita 1.16. Kipenyo cha silinda ni milimita 108, mwendo wa pistoni 127. General Motors walianza kuzitoa mwaka 1938, na jambo walilolipanga tangu mwanzo ndilo linaloniokoa leo: 2-71, 3-71, 4-71 na 6-71 zote zinatumia pistoni ile ile, silivu ile ile (bomba la ndani la silinda) na injekta (vipulizia dizeli) za namna moja. Ukitaka injini kubwa unaongeza silinda. Basi spea ya boti inakaa kwenye jenereta, na ya jenereta inakaa kwenye basi. Wakati wa vita vikuu vya pili kifaru cha Sherman M4A2 kilibeba 6-71 mbili zilizofungwa pamoja, na boti nyingi za LCVP zilizoshusha askari ufukoni zilisukumwa na 6-71 moja. Baadaye zikaingia kwenye mabasi, mitambo ya kuchimba visima, matingatinga, pampu na jenereta. Ndiyo maana vipuri bado vipo.

Nimeshinda jioni nzima nikimweleza ami jinsi inavyopumua, kwa sababu asiyeelewa hapo hataielewa injini hii kabisa. Injini ya mipigo minne hujivutia hewa yenyewe, pistoni ikishuka. Hii haivuti kitu. Ubavuni ina blowa, rota mbili zinazozungushwa kwa gia, inayosukuma hewa kwenye chemba iliyozizunguka silivu zote. Silivu ina matundu katikati. Pistoni ikishuka chini ya matundu hayo, hewa inaingia kwa nguvu na kuusukuma moshi juu, kwenye valvu za hedi (kifuniko cha juu cha silinda), ambazo zote ni za kutolea moshi. Hakuna valvu ya kuingiza hata moja. Ami alisikiliza, akauliza: "Kwa hiyo blowa ikifa?" Ikifa, injini nayo imekufa.

(Meli kubwa za makontena zinazoingia bandari ya Kilindini zinapumua kwa utaratibu huo huo, matundu chini na valvu ya moshi juu, ila zinazunguka kama mara 100 tu kwa dakika au chini yake. Anayesema dizeli ya mipigo miwili imepitwa na wakati aende akazitazame.)

Wiki ya tatu

Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye injini hii. Ubavuni mwa bloku kuna vifuniko vidogo. Unafungua bolti, unamulika tochi, na kupitia matundu ya silivu unaziona ringi za pistoni bila kugusa hedi. Unazungusha krankishafti kwa mkono polepole, ringi moja moja ikipita tundu unaibonyeza kwa kijiti. Ikirudi kama springi, ni nzima. Isiporudi, imeganda kwa masizi.

Silinda ya kwanza nzima. Ya tatu nzima. Ya pili, ringi mbili za juu zimeganda na silivu ina mikwaruzo.

Hedi ikatoka, sampu (bakuli la oili la chini) ikatoka, pistoni ikapita juu. Silivu niliivuta kwa kivutio nilichochomelea mwenyewe. Seti mpya ya silinda hiyo nimeipata Mombasa kwa muuza spea za boti.

Wiki ya tano

Nimemleta Mzee. Alifanya kazi kwenye matishari miaka yake yote na mikono yake inazijua hizi injini kuliko vitabu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa akauliza: "Mlango wa hewa unafunga?"

Haukuwa ukifunga. Juu ya blowa kuna kibati cha dharura ambacho kikiachiwa kinaziba njia ya hewa. Changu kilikuwa kimeshikwa na kutu kikiwa wazi. Mzee akasema hatagusa kitu kingine mpaka kifanye kazi. Kisha akanieleza. Reki ya injekta, fimbo inayopanga kiasi cha mafuta, ikinata mahali pa mafuta mengi, injini inapanda mwendo yenyewe na kuzima kwa wenzo hakusaidii. Tena sili za blowa zikivuja, au oili ikijaa kwenye chemba ya hewa, inaweza kuendelea kuunguza oili hiyo hata ukikata dizeli. Kilichobaki ni kuinyima hewa. "Na usikitumie kuizimia kila siku, mwanangu. Ukiziba hewa huku inazunguka, blowa inavuta oili kupitia sili zake."

Tukaanza na kibati, tukaja kwenye mirija midogo inayotoa uchafu chini ya chemba ya hewa. Yote miwili ilikuwa imeziba kabisa. Nilitoa karibu kikombe cha tope jeusi. Hapo ndipo nilipoamini kwamba sifa mbaya ya oili inatokana kwa sehemu kubwa na mirija isiyozibuliwa, sili zilizochoka, na oili isiyo yake. Injini hizi zinataka SAE 40 ya daraja moja, yenye majivu machache. 15W-40 ya malori, ambayo kila duka inayo, si chakula chake.

Wiki ya saba

Injekta. Hapa hakuna pampu ya presha kubwa wala mirija yake ya chuma inayopasuka. Kila silinda ina injekta yake kwenye hedi, inapigwa na roka (wenzo mdogo) kama valvu, na pampu ndogo ya gia inaleta dizeli kwa presha ya chini tu. Dizeli inayozidi inazipoza injekta na kurudi tangini. Moja ikiharibika unabadilisha hiyo moja, palipo injini, iwe porini au baharini.

Kinachotakiwa ni uvumilivu wa kupima, na kwa mpangilio: valvu kwanza kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kisha kimo cha injekta, kisha gavana inayoshika mwendo, kisha reki. Hizi zangu zinapimwa kwa geji ya inchi 1.460, kipini kinachosimama kwenye tundu la injekta, na ukikizungusha kichwa chake kinapita kikigusa tu juu ya kichwa cha injekta kinachopigwa na roka. Mzee anataka kisikie filamu ya oili na si zaidi. Reki nilizirudia mara tatu, kwa sababu silinda moja ikipewa mafuta zaidi ya wenzake ndiyo itakayoungua kwanza.

Wiki ya nane

Imewaka saa kumi na dakika kumi jioni. Ami kwenye stata, mimi kwenye wenzo wa kuzimia, Mzee amesimama mbele ya blowa ameshika ubao wa mninga, tayari kuuziba mdomo wake endapo kibati kitamwangusha. Hakuhitaji. Moshi mweupe, kisha wa kijivu, kisha mlio. Ule ule wa kivukoni.

Wiki ya tisa

Kijiti cha kupimia oili kimenitisha: oili imepanda badala ya kushuka. Nikanusa kijiti, dizeli. Mrija mfupi wa kuingiza mafuta kwenye injekta ya pili, ulio ndani ya kifuniko cha valvu, ulikuwa unavuja kwenye maungio, na dizeli yote inateremka kwenye sampu. Niliukaza mno, kosa ni langu. Oili iliyochanganyika na dizeli inamaliza beringi haraka, kwa hiyo nimemwaga yote, nimebadilisha filta, nimefunga mrija mpya kwa spana ya toki. Sasa kila asubuhi napima oili na kunusa kijiti kabla ya kuwasha.

Wiki ya kumi na moja

Leo msumeno umepasua mvule kwa saa tatu. Mizunguko 1,500, umeme wa hertzi 50, na msumeno ukiuma gogo gavana inafungua reki bila injini kupepesuka. Sikuiacha ivute mzigo mzito kwa mwendo mdogo. Bila mwendo blowa haileti hewa ya kutosha, na moshi mweusi unakuambia mara moja.

Sili ya nyuma ya blowa bado inatoa unyevu wa oili. Nimeagiza mpya. Ikifika nitaifungua blowa nzima na kupima nafasi ya rota, na Mzee kaahidi kuja na fila geji zake ndefu.