Swali la Mama Usiku wa Majibu

Wiki iliyopita mdogo wangu alinionyesha fomu yake ya maombi ya vyuo vya Marekani, akaweka kidole kwenye swali moja na kuniuliza ajibu ndiyo au hapana. Swali lilitaka kujua kama mwombaji atahitaji msaada wa kifedha. Nilimwomba anipe muda, naye akashangaa, maana insha zake zote nilikuwa nimezipitia bila kuomba muda wowote.

Mimi nililijibu ndiyo mwishoni mwa 2018, kwa kuwa kwetu hapakuwa na jibu jingine la kweli. Baada ya hapo ilinibidi kujaza CSS Profile, fomu ya fedha inayosimamiwa na College Board, ambayo huuliza kipato cha wazazi, akiba yao, nyumba yao na madeni yao. Mama aliichukua kazi ile kuwa yake. Alipanga hati zake za mshahara mezani kwa kufuata miezi, akawa anasoma kila tarakimu kwa sauti nami naandika, kisha ananitaka nimsomee tena nilichoandika. Aliamini kwamba mahali fulani kungekuwa na mtu wa kuusoma unyofu ule na kuuthamini.

Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe na vyenye majina makubwa vya Marekani, hutoa majibu siku moja, mwishoni mwa Machi. Mwaka ule wa 2019 majibu yalitoka saa moja jioni kwa saa za pwani ya mashariki ya Marekani, ambayo kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa nane usiku. Mama alikataa kulala. Alikaa kando yangu, khanga mabegani, na ilipofika saa nane aliniambia nisome polepole ili naye afuate.

Barua ya chuo nilichokisubiri, kimojawapo cha hivyo vinane, ilikuwa fupi na ya heshima. Ilisema kwamba waombaji wenye sifa walikuwa wengi kuliko nafasi, kwamba kamati ilisikitika, na kwamba uamuzi ule ulikuwa wa mwisho. Nilisoma hadi jina la aliyeitia sahihi, nikanyamaza. Nilitarajia Mama aseme kwamba Mungu ana mpango wake, au kwamba wamekosa mtoto mzuri, maneno ambayo wazazi huwa nayo karibu kwa saa kama ile. Badala yake aliniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Mwanangu, ni mshahara wangu?”

Nilimjibu, “Hapana, Mama.” Nilijibu haraka mno, na nadhani haraka ile aliiona, kwani aliinuka akaenda kuleta faili lake la hati. Alilifungua mezani palepale na kuanza kupekua. “Hapa tuliandika na posho,” alisema. “Labda waliona ni nyingi, wakadhani tunajiweza.” Akafunua ukurasa mwingine. “Au waliona ni kidogo, wakaogopa mzigo.” Alikuwa akijitafutia kosa bila hata kujua kosa lenyewe lingekuwa la upande upi, la kuonekana na kingi au la kuonekana na kidogo, na mimi niliyekuwa nimetoka kukataliwa nilijikuta nikimsihi yeye aache kulia.

Mengine yalikwenda vizuri. Chuo kingine, kisicho na jina kubwa, kilinipokea na kunilipia karibu kila kitu. Nikasoma, nikamaliza, na walimu wangu wa huko nawashukuru hadi leo.

Nikiwa huko nilianza kutafuta jibu la swali la Mama. Nilisoma kuhusu kesi iliyodai kwamba Harvard iliwabagua waombaji wenye asili ya Asia, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, ambayo ilianika hadharani jinsi faili za waombaji zinavyopimwa. Wanauchumi waliochambua takwimu za kesi hiyo walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa walikuwa wanamichezo walioandikishwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi, au majina yaliyomo katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Kisha nikasoma jambo lililotugusa zaidi sisi. Vyuo vingi vya Marekani, hata vyenye akiba kubwa, huzingatia hitaji la fedha la mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua. Wakati ule vilivyotangaza kutolizingatia kabisa kwa mwombaji yeyote vilikuwa vichache sana, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Chuo nilichokisubiri usiku ule hakikuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo Mama aliuliza swali la haki kabisa. Inawezekana faili langu liliwekwa kando kwa sababu ya ndiyo ile. Inawezekana vilevile kwamba lisingepita hata kama tungekuwa matajiri, kwani vyuo vingi vya Ivy League mwaka ule vilikataa waombaji zaidi ya 90 katika kila 100. Barua haisemi, na hakuna atakayesema. Mdogo wangu nimemshauri aandike ukweli, kwa sababu vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba msaada tangu mwanzo kuja kuuomba baadaye, na aongeze kwenye orodha yake vyuo visivyoangalia mfuko wa mzazi.

Kwa Mama bado sijui la kufanya. Hajaniuliza tena tangu usiku ule, nami sijamweleza niliyoyasoma. Kuna siku naona kwamba ana haki ya kujua kuwa hakuwa akiwaza upuuzi, na kwamba kosa, kama lipo, ni la mpango ulioufanya mshahara wa mtu mwaminifu kuwa sababu. Kuna siku nyingine naogopa kwamba katika maelezo yangu yote atasikia neno mshahara peke yake, na atakwenda tena kulileta lile faili.