Mashindano ya klabu yetu ya filamu: sharti gumu kwanza, zawadi baadaye

Kila nikimwambia mtu kwamba klabu yetu ya filamu ina mashindano karibu kila mwezi, swali la kwanza ni lile lile, mshindi anapewa nini? Nikimjibu kwamba hapewi hela wala kombe, ila yeye ndo anachagua sharti la shindano linalofuata, naona kabisa hamu imemtoka. Sasa leo naandika kuhusu hili kwa sababu naliamini kwa moyo wote. Kwenye klabu ya watu wasiolipwa, watu wanaoshuti wikiendi baada ya kazi na masomo, kinachomkuza mtu ni sharti alilopewa. Mpe mtu hela nzuri umwambie katengeneze filamu yoyote unayotaka, atakaa na skripti mpaka mwaka unaisha, lakini mwambie dakika mbili, hakuna kuongea, iletwe Jumapili jioni, huyo Jumapili unamuona na filamu yake mkononi.

Sisi ni klabu ndogo tu hapa Dar, watu wa kila aina, yupo fundi simu, yupo nesi, wapo wanafunzi wa chuo, yupo dereva boda ambaye kwa maoni yangu ndo mwenye jicho zuri kuliko wote, na karibu wote tunashuti kwa simu. Tunakutana uani kwa memba mmoja, shuka jeupe linatundikwa ukutani, projekta ya kuazima, viti vya plastiki, na majirani wakitaka kukaa wanakaribishwa.

Mwanzoni tulikuwa tunashindana kama wengi wanavyoshindana mtandaoni, kila mtu anapost filamu yake, yenye like nyingi ndo mshindi. Kiukweli ule mfumo ulitaka kutuua. Aliyekuwa anashinda ni mwenye ndugu wengi na bando la kutosha, na watu wakaanza kutengeneza vichekesho vya sekunde 30 kwa sababu ndo vinavyosambaa. Kuna dada mmoja alileta filamu ya bibi yake anasuka ukili, kamera iko karibu na vidole muda wote, sura ya bibi unaiona mwishoni tu anapoinua kichwa kuitikia hodi. Mtandaoni hakuna aliyeiangalia. Tulipoirusha kwenye shuka pale uani watu wakaomba irudiwe. Kuanzia siku hiyo tukakubaliana like hazihesabiwi tena kwenye klabu hii, na sijawahi kusikia mtu akizidai zirudi.

Shindano ninalolipenda kuliko yote ni la kuediti ndani ya kamera. Wazo lenyewe lina historia ndefu. Kodak walipoleta filamu ya Super 8, yaani mkanda mwembamba wa kamera za nyumbani, mwaka 1965, kaseti moja ilikuwa na futi 50, yaani kama dakika tatu na sekunde 20 ukishuti kwa fremu, yaani picha, 18 kwa sekunde, na watu wengi wa majumbani walikuwa hawana vifaa vya kukata na kuunganisha, kwa hiyo wanashuti kwa mpangilio ule ule ambao filamu itaonekana. Mwaka 1999 jamaa wa London anaitwa Ed Sayers akaligeuza hilo kuwa shindano, akaliita straight 8, unapewa nafasi ya kaseti moja tu, huediti, sauti unaitengeneza pembeni bila kuona picha, halafu filamu yako unaiona kwa mara ya kwanza ukumbini pamoja na watazamaji wengine. Hebu fikiria huo moyo!

Kwetu Super 8 haipatikani kirahisi, na kuisafisha ndo kabisa, kwa hiyo tumeleta sharti hilo kwenye simu. Simu nyingi za Android ukiwa unarekodi zina kitufe cha kusimamisha na kuendelea, basi filamu yako nzima ni faili moja, unaanza, unasimamisha, unahama, unaendelea, ukishazima ndo imetoka hiyo. Hakuna kufuta, hakuna kupanga upya, hakuna kuweka muziki juu. Faili linakuja kama lilivyo.

Kijana mmoja, mgeni kabisa, alikuwa hajawahi kumaliza filamu hata moja, akaenda Kariakoo kumshuti muuza kahawa, wale wanaotembea na birika na jiko chini yake huku wanagonganisha vikombe. Sasa ukisimamisha namna ile sauti nayo inakatika pale pale na picha, na ndo kinachoharibu filamu nyingi za shindano hili, unasikia honi imekatwa katikati, mtu ameanza neno halijaisha. Huyu kijana akakaa kwanza amsikilize muuza kahawa, akagundua vikombe vina mdundo wake, mara mbili haraka kisha mara moja. Akaamua kila akisimamisha anasimamisha baada tu ya ule mgongano wa tatu. Kwa hiyo unaona mkono na vikombe, ka-ka, ka, picha inabadilika, mzee kwenye benchi anageuka, ka-ka, ka, kahawa inamiminwa na moshi wa mkaa unapita mbele ya lenzi, ka-ka, ka, kashata inavunjwa. Dakika moja na nusu hivi. Hakufundishwa na mtu kwamba mkato unafuata sauti, sharti ndo lilimfundisha, kwa sababu asingeweza kwenda nyumbani akarekebisha kwenye programu. Mpaka leo mimi kabla ya kushuti nasimama kwanza nasikiliza mahali, na nimelipata kwake.

Shindano la filamu bila maneno nalo lina faida yake kwetu hasa, na hapa naomba nieleweke vizuri maana naziheshimu Bongo movie, zimetulea. Lakini tumekulia kwenye filamu ndefu, zilizokuwa zinauzwa DVD sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, watu wamekaa sebuleni kwenye makochi wanaelezana kila kitu, fulani amekasirika anasema nimekasirika. Ukimwambia memba hakuna kuongea, wiki ya kwanza analalamika, wiki ya pili anaanza kuuliza maswali ya maana, huyu mama amekasirika je mikono yake inafanya nini, sufuria analiweka vipi, mlango anaufunga vipi. Hayo ndo maswali ya filamu. Nesi wetu alitengeneza moja ya mke anayepakua chakula cha watu wawili halafu anarudisha sahani moja chini ya mfuniko. Nilielewa ndoa nzima kwa hizo sekunde chache.

Lipo la shoti moja bila kukata, tulilifanyia Kigamboni ufukweni wakati wa magharibi, na ugumu wake ni jua lenyewe. Sisi tuko karibu na ikweta, jua likizama giza linaingia haraka sana, ule mwanga mzuri wa bluu baada ya kuzama unadumu kama dakika 20 tu, kwa wenzetu wa kaskazini huko Ulaya kiangazi unaweza kukaa zaidi ya hapo mara mbili. Kwa hiyo timu zinafanya mazoezi kuanzia saa kumi, waigizaji wanajua hatua zao, mshika simu anajua anatembea rivasi mpaka wapi na nani anamshika mgongo asidondoke, halafu mwanga ukifika mnapata nafasi moja, labda mbili. Na tipu ya bure kwa mtu anayeshuti usiku chini ya taa, umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo kama simu yako inaruhusu kuweka shata mwenyewe, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, weka 1/50 au 1/100 ya sekunde, vinginevyo taa nyingi za bei rahisi zitakuletea mistari inayocheza kwenye picha, na hiyo huwezi kuitoa kirahisi baadaye.

Halafu kuna lile maarufu la masaa 48. Hili lilianza Washington mwaka 2001, 48 Hour Film Project, na limezunguka miji mingi duniani. Ijumaa jioni timu inachagua kwa bahati aina ya filamu, na timu zote za mji huo zinapewa mhusika, kifaa na mstari mmoja wa kusema ambavyo lazima vionekane, Jumapili jioni unakabidhi. Mimi napenda wazo la kuwapa wote kifaa kimoja, kwa sababu huwezi kuja na filamu uliyoshaitengeneza zamani, na pia kwa sababu ni raha sana kuona ndoo moja ya plastiki imekuwa silaha kwenye filamu hii na kwenye ile imekuwa zawadi ya harusi.

Ila masaa 48 yenyewe tuliyaacha, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosukuma yaachwe. Tulipolifanya waliomaliza vizuri ni wale wenye laptop nzuri na wasio na majukumu nyumbani. Madada wengi wa klabu walishindwa kuendelea Jumamosi usiku, huwezi kumwambia mama mwenye mtoto mchanga alale kwenye sakafu ya mtu akiediti. Tukalifanya la masaa 12, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, filamu isizidi dakika tatu, na idadi ya waliokabidhi ikapanda palepale. Mwenye majivuno atasema ni rahisi. Sawa, lakini mimi nataka watu wamalize filamu, klabu ambayo nusu ya memba hawamalizi siiiti klabu.

Sasa kuhusu kuhukumu, na hapa ndo nataka kukaa kidogo, maana shindano bila mazungumzo mazuri baadaye ni kupoteza muda. Kuna muungano wa klabu za filamu za watu wasiolipwa unaitwa UNICA, ulianzishwa mwaka 1937, kila mwaka wanakutana nchi tofauti, na jambo lao ninalolipenda ni kwamba majaji wanajadili filamu hadharani, mbele ya watu wakiwemo walioitengeneza. Wana hata kombe la filamu za dakika moja. Sisi tukaiga hilo la hadharani na tukaongeza ya kwetu. Aliyetengeneza anakaa kimya mpaka wote wamalize kusema, maana akianza kueleza "nilikuwa namaanisha hivi" basi tutahukumu maelezo yake na filamu tutaisahau. Jaji haruhusiwi kusema nzuri au mbaya tu, lazima ataje shoti. Na jaji mmoja kila mara anatoka nje ya klabu, mtu ambaye hajui lenzi wala fremu.

Kuna siku jaji wa nje alikuwa mama anayeuza chapati pale mtaani. Filamu ilikuwa ya jamaa anayetoroka deni, na kwenye kukimbia kule mshuti alivuka mstari wa digrii 180, ule mstari wa kufikirika ambao kamera inatakiwa ibaki upande wake mmoja, mara jamaa anakimbia kwenda kulia, mara kushoto. Sisi wataalamu tulikuwa tunabishana kuhusu rangi. Mama akasema, "Mimi sijaelewa, huyu mbona amegeuka anarudi kwa anayemdai?" Yaani darasa zima la sheria ya mstari lilikuwa kwenye swali hilo, na aliyeshuti hakulisahau, filamu yake iliyofuata ukiiangalia kila mtu anajua anakwenda wapi.

Sheria nyingine ambayo naitetea kila inapotaka kufutwa, aliyeshinda mwezi huu mwezi ujao hashuti filamu yake, anashika maiki au anabeba taa kwenye timu ya mgeni. Wapo wanaoona ni adhabu. Mimi naona ndo njia pekee ya ujuzi kushuka chini, mgeni anajifunza mengi zaidi akiwa na mtu mzoefu pembeni yake anayemwambia sogea hatua mbili jua liwe nyuma yako, kuliko kuangalia video za mafunzo usiku kucha. Na wale wanaotaka kutoka nje wakashindane na wakubwa milango ipo, tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar limekuwepo tangu 1997 na linapokea filamu fupi, nadhani mwaka huu mmoja wetu atapeleka ya kwake, ile ya ukili tunambembeleza yule dada aipeleke maana bado anasitasita.

Shindano linalokuja sharti limechaguliwa na yule kijana wa muuza kahawa, na nalisubiri kwa hamu kubwa. Kila timu inarekodi dakika moja ya sauti tu, mahali popote, mashine ya kusaga, stendi ya daladala, mvua kwenye bati, halafu tunabadilishana, kila timu inapewa sauti ya wenzao. Unashuti picha ya kufuata hiyo sauti, huruhusiwi kuongeza wala kupunguza hata sekunde. Sauti ziletwe kabla ya Ijumaa, picha Jumapili ya wiki inayofuata, tunaanza kurusha saa moja na nusu usiku uani pale pale. Kama uko Dar na una simu inayorekodi, karibu sana, huhitaji kuwa umewahi kushuti chochote, ila viti vimekuwa vichache siku hizi, ukiweza njoo na chako.