Aliyeiota Adhana

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Tukitaja adhana, jina la kwanza midomoni mwetu ni Bilal (R.A.), na ni haki yake. Lakini wiki hii moyo wangu umekuwa kwa Abdullah bin Zayd (R.A.).

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, mwaka 622, Waislamu walikuja kuswali kwa kukisia wakati, hakukuwa na mwito. Wakashauriana. Huyu akataja kengele kama ya Manasara, yule baragumu kama la Mayahudi. Abdullah, mmoja wa Answari, Waislamu wenyeji wa Madina, akalala na jambo hilo moyoni. Usingizini akamwona mtu mwenye nguo mbili za kijani, mkononi ana kengele. Akamwomba amuuzie. "Utaifanyia nini?" "Tutaitia watu kwenye swala." Yule mtu akasema: nikuoneshe lililo bora kuliko hilo? Akamsomea: Allahu Akbar, Allahu Akbar, mpaka mwisho wake.

Kulipokucha akamwendea Mtume. Akaambiwa ni ndoto ya kweli, inshaallah. Kisha: simama na Bilal, umtamkie uliyoyaona ili aadhini yeye, kwani sauti yake ni nzuri kuliko yako.

Hapa husita kila nikisoma. Ndoto umeota wewe, na unaambiwa umpe mwenzako. Na mwenzake ni mtu wa asili ya Habasha aliyekuwa mtumwa Makka, ambaye bwana wake, Umayya bin Khalaf wa kabila la Maquraishi, wakubwa wa Makka, alikuwa akimlaza kwenye mchanga wa moto na jiwe kubwa kifuani, naye hana neno ila "Ahadun, Ahad", yaani Mungu ni Mmoja, hadi Abubakar (R.A.) alipomkomboa. Abdullah akasimama ubavuni mwake, akawa anatamka, Bilal anapaza. Umar (R.A.) akaisikia akiwa nyumbani, akatoka anaburuza nguo yake: wallahi, nami nimeota hivyo hivyo.

Nimeona watu wazima wakinuniana msikitini kwa sababu ya nani ashike kipaza sauti. Nami nimewahi kununa. Allah atusamehe.

Kuna mama mmoja wa Banu Najjar, ukoo wa Madina, nyumba yake ilikuwa ndefu kuliko zote jirani na msikiti. Anasimulia kuwa Bilal alikuwa akija wakati wa daku, anakaa juu ya dari akiivizia alfajiri. Akiiona, anajinyoosha. Mtaani kwetu, kabla ya takbira ya kwanza, muadhini husikika akisafisha koo, na kila nikimsikia namkumbuka Bilal anavyojinyoosha peke yake gizani, mji mzima umelala. Halafu, kabla ya kuadhini, anaomba: Ewe Allah, nakuhimidi, na nakuomba msaada juu ya Maquraishi, waisimamishe dini Yako. Mama yule akaapa kwamba hajui hata usiku mmoja alioiacha dua hiyo.

Maquraishi! Watu wa jiwe lile kifuani. Anawaombea waisimamishe dini, usiku baada ya usiku, kutoka kwenye dari la jirani.

Mwaka wa 8 Hijria Makka ikafunguliwa, ikawa mikononi mwa Waislamu. Mtume akamwamuru Bilal apande juu ya Kaaba aadhini. Maquraishi wakiwa chini wakayasikia maneno yale yale aliyotamkiwa na Abdullah bin Zayd.