Besi ya gari: kabla hujanunua spika kubwa zaidi, angalia waya, boksi na omu

Besi ikikosa nguvu kwenye gari, wengi hukimbilia spika kubwa zaidi. Mara nyingi spika haina kosa. Fungua buti utakuta sabufa (spika ya besi) nzima ya inchi 12, amplifaya imeandikwa wati 3000, halafu waya wa umeme mwembamba kama wa taa, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) imefungwa juu ya rangi, na boksi linapumua kwenye kona. Spika ya namna hiyo inavuma tu, haigongi.

Tuchukue gari ndogo kama IST au Vitz, sabufa moja ya inchi 12 yenye koili (nyuzi zinazosukuma koni) mbili za omu 4, omu ikiwa ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na wati 400 RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Kwa gari la ukubwa huo inatosha kabisa. (Sabufa ya sebuleni yenye rimoti na spika zake pembeni ni kitu kingine. Koni yake usiing'oe ukaileta kwenye gari. Haikuundwa kubeba nguvu hizi.)

Achana na wati zilizochapishwa kwa herufi kubwa kwenye kadibodi. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua, kama ipo kweli. Namba ya kutafuta ni RMS. Amplifaya isiyoandika RMS huumbuliwa na fyuzi zake. Jumlisha ampea za fyuzi zilizochomekwa ubavuni, zidisha kwa volti 13.8 ambazo gari hutoa injini ikiwaka, kisha zidisha kwa 0.8, maana hata amplifaya za daraja la D hupoteza kama moja ya tano kwa joto. Fyuzi moja ya ampea 30 inakupa wati 331, basi, hata kadibodi ijigambe vipi. Kwa mfano wetu tafuta ya chaneli moja inayotoa wati 400 kwenye omu 2, yenye fyuzi mbili za ampea 20.

Hapo kwenye omu ndipo pesa nyingi hupotelea. Koili mbili za omu 4 ukiziunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukitoa hasi ya koili ya kwanza ukaiingiza kwenye chanya ya koili ya pili, inaona omu 8, na amplifaya ya wati 400 inaweza kushuka hadi mia moja na ushee. Koili mbili za omu 2 hutoa omu 1 au omu 4, hazitoi 2. Kwa hiyo ukinunua hizo na amplifaya yako mwisho wake ni omu 2, chaguo ni mawili: uziunge kwa omu 1, taa nyekundu iwake na sauti ikate, au uziunge kwa omu 4 na upoteze karibu nusu ya nguvu uliyolipia. Soma mgongo wa sabufa kabla ya kutoa hela. Ukipima kwa testa (mita ya umeme) usishtuke: koili ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.7.

Kosa baya kuliko yote ni koili moja kugeuzwa. Moja inasukuma mbele, nyingine inavuta nyuma. Koni inatetemeka kidogo tu huku koili zikipikana ndani. Kabla ya kuunga, chukua betri ndogo ya volti 9, gusisha kwenye koili moja kwa sekunde moja, kisha nyingine. Chanya ikiwa kwenye chanya, koni lazima iruke nje mara zote mbili.

Sasa waya. Wati 400 zinavuta kama ampea 36. Kutoka betri hadi buti ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16 utapoteza volti 0.2 njiani, hasara ndogo. Zile seti za kwenye pakiti zenye ganda nene linalong'aa mara nyingi zina nyuzi chache ndani, tena za alumini iliyopakwa shaba. Ukikuta milimita za mraba 4 za aina hiyo, zinapoteza volti 1.2, na zinapotea pale pale ngoma inapogonga, yaani dakika unayoihitaji. Kuujua ni rahisi: chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Alumini inatokea nyeupe chini ya rangi.

Toa kwanza hasi ya betri. Fyuzi ya ampea 40 au 50 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye chanya ya betri. Watu huiweka nyuma karibu na amplifaya wakidhani inalinda amplifaya. Hapana, inalinda waya usishike moto ukaunguza gari. Waya ukichubuka pale unapopenya ukuta wa injini na fyuzi iko buti, hakuna cha kuukata. Ndiyo maana hapo pa kupenyea panahitaji raba. Bati likiachwa wazi linaukata waya taratibu kwa mtikisiko.

Ethi nayo isizidi sentimita 50, unene uleule wa waya wa chanya. Tafuta bati la bodi lililo imara, usitumie bolti ya mkanda wa usalama wala bawaba za kiti. Kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae eneo la sarafu, weka lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya), washa ya meno, bolti, kaza, halafu paka grisi juu kuzuia kutu, hasa kwa magari ya pwani. Kujua kama imekamata, weka testa kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya amplifaya, nyingine (iunganishe na waya mrefu) kwenye hasi ya betri, piga muziki kwa nguvu. Ukiona nusu volti, rudi ukakwangue.

Waya wa kuwashia amplifaya, wa buluu wenye mstari mweupe, unatoka kwenye redio. Redio za Kijapani zinazokuja na gari, zile FM yake inaishia 90, mara nyingi hazina. Hapo chukua ACC, umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa tu: kwenye soketi za Toyota huwa ni waya wa kijivu, na ule wa buluu wenye mstari wa njano una umeme muda wote, usiuguse kwa kazi hii la sivyo asubuhi betri imekwisha. Thibitisha kwa testa, kwani magari haya yamepita mikono mingi. Sauti ya redio hizo ichukue kwenye waya za spika za nyuma, kama amplifaya ina mlango wa kuingizia waya za spika. Waya wa sauti upite upande mmoja wa gari na wa umeme upande mwingine. Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta kwa kawaida ni ethi mbovu au waya hizo mbili kulala pamoja.

Boksi la kufungwa kabisa ndilo ningeshauri kwa gari dogo. MDF (mbao ya unga uliogandamizwa) ya milimita 18, vipimo vya nje sentimita 45 kwa 38 kwa kina cha 28, inakuachia lita 32 baada ya kutoa nafasi ya spika. Gundi ya mbao kila ungio, skrubu kila sentimita 10, silikoni kona zote za ndani. Bonyeza koni polepole kwa viganja viwili: ikikusukuma nyuma kama springi, boksi limeziba, ikiingia kirahisi, kuna tundu. Boksi lenye bomba hupiga kwa sauti kubwa zaidi ila linataka kama lita 50, hesabu sahihi ya bomba, na chujio linalokata sauti za chini ya 28 Hz (mitetemo 28 kwa sekunde). Bila chujio hilo koni inakosa hewa ya kuishika na inajipasua.

Mwisho weka kiwango cha amplifaya (kitufe cha gain). Chomoa sabufa, zima nyongeza zote za besi, redio robo tatu, injini ikiwaka, piga toni ya 50 Hz, testa ikiwa kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Panda taratibu hadi volti 28, ambazo kwa omu 2 ni karibu wati 400. Zaidi ya hapo mawimbi yanaanza kukatwa vichwa na koili inanuka vanishi. Chujio la kukata sauti za juu liwe 80 Hz. Rudisha sabufa, kisha jaribu kugeuza chanya na hasi zake: baki na upande ambao besi inasikika nzito ukiwa kiti cha dereva.

Baada ya wiki kaza tena lagi za betri na bolti ya ethi, maana nyuzi laini hulegea zikishakaa. Na kama kuna kitu kinachapa nyuma, angalia kibao cha namba ya gari kwanza.