Nilivyoenda kuona bendi ya emo peke yangu Chicago

Mimi emo, yaani ile rock ya huzuni na kupiga kelele, sikuijua Tanga, kwetu spika ya jirani ikilia ni taarabu au singeli basi. Nimeijulia huku Chicago, chuoni, kwa jamaa niliyepangiwa naye chumba, akiamka tu anaweka bendi inaitwa American Football, ile albamu yao ya 1999 yenye picha ya nyumba kwenye kava. Mwanzoni nikawa najiuliza huyu ameachwa na nani. Magitaa yanalialia, mara tarumbeta, mapigo ya drams nayo hayakai sawa, ukitaka kutikisa kichwa unapotea njia. Wiki ya tatu nikajikuta naoga huku naimba.

Jamaa ndo akanielezea kwamba hii kitu ilianzia Washington miaka ya 80 kwa vijana wa punk, ile rock ya fujo, wakina Rites of Spring, halafu miaka ya 90 ikahamia huku kati, Illinois na majirani zake, ikapunguza kelele ikaongeza huzuni. Na ile nyumba ya kwenye kava ipo kweli, Urbana, masaa mawili na ushee kwa gari, watu wanaenda kupiga nayo picha kama wanahiji vile, mpaka 2023 bendi yenyewe na lebo yao wakashirikiana kuinunua.

Sasa siku ya shoo (siyo hao, ni bendi ya vijana wa hapahapa, jina lao refu kama sentensi) jamaa akaamka na homa. Tiketi tumeshalipa, dola 18 lakini ukiweka na yale makato yao ikafika 25. Nusu nisiende, aisee. Yaani niende peke yangu, Januari, barafu nje, kwenye ukumbi ambao najua mweusi nitakuwa mimi na spika. Nikasema liwalo na liwe. Kilichonipa moyo ni treni, Blue Line inatembea usiku kucha, kwa hiyo hata mambo yakizingua nyumbani nitafika.

Mlangoni baunsa akaangalia kitambulisho, miaka 20, akanichora X mbili kubwa na makapeni, kila mkono moja, ili baa wasiniuzie pombe. Nikajiona kama gunia la mahindi limekaguliwa. Ndani padogo, ukumbi uko ghorofani juu ya baa, watu kama 200 hivi, jukwaa limenifika kiunoni. Kosa langu la kwanza nilivaa koti zito nikaona uvivu kulipia pa kulitundika, nikalibeba mkononi masaa matatu najuta. Cha maana nilichofanya ni kununua vile vispongi vya kuziba masikio, dola 1 pale baa, bila hivyo ningekuwa kiziwi saa hizi. Halafu mimi mfupi, kwa hiyo zilipokuwa zinapiga bendi za kufungulia nikawa nasogea kidogokidogo pembeni ya ukuta mpaka nikafika mbele upande wa kulia, maana kule katikati wanasukumana kama wanagombania daladala ya Ngamiani.

Wenyewe wakapanda saa 4 usiku. Kitu ambacho sikukitegemea ni muda wanaopoteza kukaza nyuzi, karibu kila wimbo gitaa lina mkao wake, kwa hiyo huyu anakaza nyuzi mwenzake anapiga stori za mbwa wake, watu wanacheka, halafu ghafla wanaanza na ukumbi mzima unapasuka. Na hapo ndo nilipochoka kabisa. Watu wanaupandia ukingo wa jukwaa, wanamrundikia mwimbaji, kila mmoja anataka kuupigia kelele ule mstari wake kwenye maiki, na wengine machozi kabisa, midume ya ndevu. Nikamkumbuka shangazi yangu kwenye taarabu, beti likimgusa anainuka na noti yake juu, anatembea taratibuu mpaka kwa mwimbaji, na wote ukumbini wanajua limemgusa wapi na nani kasemwa. Ni kitu kilekile bana, tofauti hawa hawana noti na hawana mtu wa kumrushia kijembe, wanajirushia wenyewe.

Wimbo wa mwisho nilikuwa naujua, wiki mbili nimeusikiliza kwenye treni. Dada mmoja wa pembeni ambaye hatujasemeshana usiku mzima akanishika bega akanivuta, nikajikuta na mimi nimo kwenye rundo, koti nimeshalitupa sijui wapi, naimba Kiingereza changu cha Tanga. Koti nililipata baadaye limekanyagwa hatari.

Kwenye treni saa 6 na nusu usiku mama akapiga video, kwao asubuhi saa 3 na nusu, akaona mikono.

"Mwanangu, hizo alama za nini?"

"Nilikuwa kwenye muziki mama."

"Muziki gani?"

"Kama taarabu, ila wanapiga kelele."

Akafikiri kidogo. "Mmewatunza lakini?"

Nikamwonyesha fulana yao, dola 30, iliyobaki ilikuwa XL tu, inanifika magotini.