Gitaa kavu usinunue kwa macho
Jamani leo nimeshinda mjini Mwanza, Makoroboi mpaka Kirumba, natafuta gitaa kavu (lile lisilo la umeme) la maana, dah kuna magitaa yanang'aa kama gari la bwana harusi ila ukishika tu nyuzi ziko juu hadi vidole vinalia. Mi kwanza nainua jichoni nacheki shingo toka kichwani, ikipinda narudisha hapohapo. Halafu freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingoni), napiga uzi ukiwa wazi, naubana pale napiga tena, inatakiwa itoke noti ileile oktavu moja juu (yaani sauti ileile ila nyembamba zaidi), ikienda pembeni hilo litakuaibisha mbele ya kwaya nzima hata ulityuni vipi. Na hapo uzi ukipita kama milimita 3 juu ya freti basi kazi unayo. Muuzaji mmoja ananambia "bro we chagua rangi", nikacheka tu.

Mbao nayo: gitaa la Yamaha FG800 uso wake ni mbao nzima ya sprusi (mti jamii ya msonobari), Yamaha F310 uso wake ni tabaka za mbao zilizogundishwa, ndo maana bei zinapishana, ila kwa anayeanza F310 iko fresh kabisa, nimebeba hiyo. Anayejua fundi wa kushusha nyuzi huku Buzuruga anicheki inbox.